Saikal Hakuulizwa

Kila alasiri akitoka shule, Nurzada alimwaga majivu ya jiko, akateka maji kwenye bomba la mtaa, kisha akacheza na wenzake mpaka jua lilipozama nyuma ya milima ya Karakol. Wiki ile michezo ilisimama. Shangazi yake Gulsara, mwalimu wa saikolojia katika chuo kikuu, alikuja kufanya utafiti kuhusu urafiki wa watoto: hugombana vipi, na hupatana vipi.

"Niletee watoto wote wa mtaa huu wa rika lako," alisema. "Ila wawe wanataka wenyewe, na wazazi wao wawe wameridhia."

Nurzada aliwaleta marafiki zake wa darasani. Walikunywa chai, wakala boorsok, maandazi madogo ya moto yaliyopakwa jamu ya tufaha, wakajibu maswali mmoja mmoja.

Wa mwisho alipoondoka, Shangazi alishika tama. "Ajabu! Wote wanasema neno moja. Wakigombana hutumiana ujumbe kwa simu, asubuhi yamekwisha. Hakuna watoto wengine?"

"Wamekwisha, Shangazi."

"Na yule msichana aliyekuwa amesimama langoni muda wote?"

Nurzada alihisi uso ukimwaka kwa aibu. "Saikal? Yule ni kiziwi, Shangazi. Atajibu nini?"

"Kwani kiziwi hana marafiki?"

Nurzada alichanganyikiwa. Yeye alidhani amesaidia! Isitoshe, Saikal hakupenda watu. Majira ya baridi walikuwa wakiteleza pamoja kwenye theluji, kisha akaacha kuja. Au ni nani aliyeacha? Alijaribu kukumbuka, mambo yakazidi kumvurugika kichwani.

Jioni, kwa mwaliko wa Shangazi, Saikal alikuja na mama yake, aliyetafsiri lugha ya ishara. Shangazi aliuliza swali lilelile. Mikono ya Saikal ikaenda haraka, halafu ikatulia.

"Anasema," mama yake alieleza polepole, "mimi hata sijui kama nimegombana na mtu. Watu huacha tu kuja. Nabaki najiuliza nimefanya nini."

Hapo Nurzada akakumbuka. "Nilikuita njiani, hukugeuka," alisema kwa sauti ndogo. "Wenzangu wakacheka, wakasema unaniringia. Nikakasirika."

Mama alitafsiri. Saikal alimkodolea macho rafiki yake wa zamani.

"Anauliza, ulimwita kwa nyuma? Wewe unayemjua tangu mkitambaa?"

Nurzada alitamani ardhi ipasuke. "Mama Saikal, 'nisamehe' inasemwaje?"

Alionyeshwa, akajaribu. Saikal akaangua kicheko.

"Anasema umemwomba sabuni," mama alisema, naye akicheka. Saikal akaishika mikono ya Nurzada, akaiweka sawasawa.

Wageni walipokwisha kuaga, Shangazi alimketisha Nurzada karibu naye.

"Ningeandika kwamba watoto wa hapa hupatana kwa simu, ningedanganya watu bila kujua. Nawe uliniambia wamekwisha, huku ukijua hawajaisha. Mwanangu, tukiwauliza wanaofanana nasi peke yao, hatutawajua watu. Muulize na yule unayedhani hana la kusema. Huenda ndiye aliyengoja kuulizwa kuliko wote. Haya, nani mwingine umemwacha?"

Nurzada alifikiri. Nyuso zikaanza kumjia, moja baada ya nyingine.

"Wengi, Shangazi."

"Basi kesho tuchemshe chai ya kutosha."