Mashine Iliyofunga Lopango

Priscille alikwenda Marché Central, soko kuu la Kisangani, kununua chaja ya simu, akarudi na mwanaume. Ndivyo dada zake wanavyosimulia, na hawako mbali sana na ukweli.

Siku hiyo alivaa liputa, kitenge cha rangi ya embe bivu, kilemba kimekaa kichwani kwa maringo. Alizikwepa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, mpaka kwenye kibanda cha Yunus, muuza vipuri vya kompyuta. Hapo alimkuta kijana mrefu, shati lake limenyooka kuliko mfuko wake, akiitazama carte graphique, kadi ya picha yenye feni tatu, kama anaposa.

"Yunus, nipe ile ya ventilateur tatu. Michezo itateleza kama maji."

"Ukichukua ile, Benoît, haubakie na kitu ya alimentation," alisema Yunus, akigusa kisanduku kinachoipa mashine umeme.

"Alimentation utanipa ile ya bei ya chini kabisa."

Priscille hakualikwa. Alicheka tu, na kicheko kilimtoka kikubwa.

"Papa, unavalisha mutu koti ya ndoa, na miguu iko wazi."

Kijana aligeuka. "Na weye mama, unajua mashine?"

"Mi najua courant. Tunakaa Tshopo, karibu na barrage ya umeme. Courant ikikatika, inarudi na hasira, kama bibi mwenye amesoma message katika simu ya bwana. Alimentation ndiyo inaipokea ya kwanza. Ikiwa ya ovyo, itaungua, na itaungua pamoja na hizo ventilateur zako tatu."

Yunus alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akisema hayo tangu asubuhi. Basi wakaanza kuchagua upya, wote watatu. Boksi la mtumba lenye mikwaruzo ubavuni: sawa, nani atachungulia ubavu? RAM nusu ya ile aliyoiota. Disk ndogo, lakini ya kasi. Carte graphique iliyotumika, ventilateur moja, ambayo ilikuwa bado na pumzi. Na alimentation mpya, nzito mkononi kama jiwe la kusagia. Zikabaki taa za rangi. Benoît alizishika mara ya mwisho.

"Hata moja ya bleu?"

"Unafungua salle ya michezo ao bar?" aliuliza Priscille.

Ilikuwa salle ya michezo. Ndoto yake ilikuwa chumba kimoja, vijana wanalipa, wanacheza mpira kwenye kioo, na yeye anaitwa patron. Ila yeye, mtoto wa Isangi, mbali huko mtoni, aliishi Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako umeme husikika kwa jina tu. Alivuka kwa pirogue, mtumbwi wa abiria, akiwa na mashine isiyokuwa na pa kuchomekwa, na namba ya Priscille.

Simu zikaanza.

"Chéri, mashine iko inalala namna gani kule bila courant?"

"Kama mi bila weye. Macho wazi."

"Uongo ya batu ya Isangi iko na sukari."

"Basi niilete kwenu, roho yangu. Ikae hapo mpaka nipate chumba upande huo. Mi nitakuya kuipima."

Aliileta Jumamosi, jua likiwaka, jirani wote wako nje. Kwa kuogopa vumbi aliifunika kwa liputa mpya. Na kwa kuwa mama yake alimfundisha asiingie kwa watu mikono mitupu, alileta na casier, kreti nzima ya bia.

Papa Cyprien, baba yake Priscille, mstaafu wa serikali kutoka Kindu, alivuta kiti. Aliona mwanaume, mchana kweupe, na liputa, na kinywaji, na kitu cha thamani kinaingia katika lopango lake, uwanja wake wa nyumba. Kisangani nzima inajua jambo hilo linaitwaje: kanga lopango, kufunga uwanja. Mwanaume anaweka zawadi ya kwanza, mlango unafungwa, wengine wasibishe hodi.

"Mwanangu, hii kitu inakaa hapa?"

"Inakaa hapa, papa."

Mzee alifungua bia mwenyewe. Juma lililofuata tonton, mjomba aliyeleta posa ya Jean-Paul, fundi seremala aliyekuwa akimtaka Priscille siku nyingi, alirudishwa getini kwa heshima.

Priscille alielewa kila kitu. Alielewa pia kwamba Benoît, mtoto wa mto, ambako posa huanza kwa wajomba na chumvi, hakuelewa kitu. Angemwambia vipi? Msichana anayemfafanulia mwanaume kanga lopango yake mwenyewe amejiposa. Akaona siku moja atafahamu tu. Wakati huo alipangusa mashine kila asubuhi, na kila courant ilipokatika alikimbia kuchomoa waya, ili hasira ya kurudi isimkute mgeni wake.

Kisha mashine ikaanza kukwama. Mpira unakwenda golini, picha inaganda. Yunus akasema carte ya ventilateur tatu imerudi sokoni, ya mtumba, na ile ndogo ataipokea kama sehemu ya bei. Alete mashine yote, wajaribu. Benoît alikuja Priscille akiwa masomoni.

"Papa, nainyanyua."

Papa Cyprien alishusha miwani. "Yote?"

"Yote, papa."

Mzee alisimama, akaenda getini, akamfungulia mwenyewe kwa mikono miwili. Benoît alidhani ni adabu.

Jioni baba alimwambia binti yake maneno machache. "Ule kijana amefungua lopango mwenyewe. Mi nimeona na macho."

Simu ya Priscille ikalia. Benoît. Aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Anitangazie kwa sauti tamu kwamba ameniacha? Akaifunika na mto wa kulalia. Kesho yake, hasira ilipopoa, alipiga yeye, na namba haikupatikana. Haikupatikana juma lile, wala lililofuata.

Jean-Paul alikuja na familia nzima. Mbuzi, liputa, taa za kuchaji, vyote vikapangwa uwanjani. Kwa kuwa kwa desturi mali hailiwi binti asipokubali, Papa Cyprien alimgeukia binti mbele ya watu.

"Mutoto, tukule ao tusikule?"

Priscille alitazama pembe ya sebule, pale simenti ilipobaki na alama ya mraba.

"Mukule, papa."

Benoît alirudi mbuzi akiwa ameshaliwa. Kichwa kimenyolewa, shati jeusi, mashine kwenye toleka. Priscille alikuwa akianika nguo.

"Mama yangu amekufa," alisema. "Habari ilinikuta kwa Yunus. Nilikupigia ile jioni nikiwa kwenye baleinière, mashua ya kwenda kwetu Isangi. Tulipopita Yanonge réseau ya simu ikakufa, na simu nikaiuza kule kwa kumuzika."

"Pole, Benoît. Pole sana."

"Yunus alinichungia mashine. Ameweka ile ya ventilateur tatu." Akajaribu kutabasamu. "Na taa ya bleu. Moja tu, usinipige."

Ndipo akamwambia. Liputa, casier, geti, Jean-Paul. Benoît alisikiliza, mkono wake ukiwa juu ya boksi.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Mwanamuke anasema ile maneno namna gani?"

"Na sasa? Tunaweza rudisha mali yao."

"Papa aliniuliza mbele ya batu. Mi mwenyewe nilisema akule."

Kuku alipita kati yao.

"Niichomeke mara moja tu," alisema Benoît. "Uone ile taa."

Aliingiza waya kupitia dirishani. Courant ilikuwa imekatika. Wakangoja, wamesimama, kama wageni wawili kwenye kituo. Haikurudi.

"Bon," akasema. Akachomoa waya, akaukunja vizuri, akaipeleka mashine ufukweni, kwenye pirogue ya Lubunga.

Courant ilirudi akiwa katikati ya mto. Mtaa mzima ulipiga kelele ya furaha.

Leo Priscille ni mke wa Jean-Paul, mwanaume mwema, hana neno. Ila umeme ukikatika nyumbani kwake, yeye husimama wa kwanza, anakwenda pembeni, anapapasa ukutani gizani.

"Unatafuta nini, mama?" Jean-Paul humuuliza.

"Hakuna kitu," hujibu, kidole bado kiko kwenye tundu za prise tupu.