Mwanamke wa Dirishani

Asubuhi hiyo Kasuku alikuta sponji ya kipaza sauti imelowa. Akaiminya. Kilichotoka kilinata vidoleni kama ute wa yai viza na kilinuka kinywa cha mgonjwa. Akajipangusia kwenye suruali, mchafu yule, akaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za kigeni, na sauti zote alizitoa mwenyewe: za wazee, za watoto, hata za mbwa. Hakuvumilia kuona mdomo uliofumbwa. Mpita njia tu alimpachika umbea, watazamaji wakacheka. Siku iliyotangulia alikuwa na filamu ya mtu anayegundua kwamba mji wake, kazi yake na mkewe ni picha tupu zilizotengenezwa na mashine. Humo kulikuwa na mwanamke aliyesimama dirishani, kimya. Kasuku akamsemea, "Jamani, nifungulieni niingie." Na kwa kuwa wa kujibu alikuwa yeye yule yule, akajibu, "Karibu, hapa ni kwako." Mdomo huponza kichwa. Huu ulipiga hodi na kujiitikia.

Tangu hapo chakula kikamnukia uvundo. Alikitema mezani, donge kwa donge, mbele ya mkewe.

"Unaumwa, mume wangu?"

"Hiki si chakula," alinong'ona. "Na wewe si mtu. Wamekutengeneza."

Mkewe alidhani ni mzaha wa kazini, mpaka mchana mmoja, akiwa amejilaza, alipohisi kucha chini ya sikio zikimkwangua taratibu, zikitafuta ngozi ya uso inapoanzia ili ibanduliwe, huku pumzi yenye harufu ya mzoga ikimpiga puani na ute mzito ukimdondokea shingoni na kumchuruzika hadi kifuani.

"Tulia," mumewe alimbembeleza. "Nataka nimwone aliye chini yako."

Mke alichomoka, akamwita mganga, mama mmoja asiye na subira. Mganga alimfukiza Kasuku chini ya shuka mpaka akatapika beseni zima: makamasi, nywele ndefu zilizoviringana, na vijino visivyokuwa vyake. Ilikuwa kinyaa kitupu. Hata mganga alifunika pua.

"Toka," mganga alimwamuru jini aliyemwingia Kasuku.

"Alinikaribisha mwenyewe," sauti ya kike ikajibu kooni mwa Kasuku.

"Toka, nimesema."

Kasuku akatetemeka, akatulia. Uvundo ukakatika. Alipoona mikwaruzo chini ya sikio la mkewe, akalia.

"Mke wangu. Ni wewe kweli."

Mkewe akamkumbatia hivyo hivyo na matapishi yake, kwa furaha. Kisha akamgeukia mganga kumshukuru. Midomo ya mke ikacheza, lakini haikutoa hata mnong'ono.

"Ahsante sana, mama," sauti ya mke ikasema, ikitokea kinywani mwa Kasuku.