Shahidi wa Mtongwe

Kache alipatikana ndani ya nyumba ambayo haijamalizwa kujengwa kule Mtongwe, Likoni, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Aliyembaka alimfunika uso kwa leso yake mwenyewe, kwa hivyo hakumwona. Alipofikishwa hospitali alikuwa ameshaoga, na vinasaba vya mhalifu vilikwenda na maji.

Hata hivyo Hashim, fundi wa magurudumu, alifungwa. Alifungwa kwa mdomo wa shahidi mmoja tu, jirani aitwaye Mwanarehema.

Mwaka wa tatu rufaa yake ikafika Mahakama Kuu. Wakili aliyempata sasa alidai shahidi alikuwa eda siku ya tukio, na mjane wa eda hatoki nje usiku. Kwenye kesi ya kwanza Hashim hakuwa na wakili, naye aliduwaa kizimbani asiulize hata swali moja. Upande wa mashtaka ukamtuma Inspekta Sarah Lewa akahakiki. Lewa hakuipenda kazi hiyo. Yeye alizoea kuwafunga wabakaji, si kuwafungulia, na alitoka kituoni amenuna.

Alianza kwa Kache, ambaye bado alikaa Mtongwe.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe kukurudisha kule. Usiku ule ulikuwa unatoka wapi?"

"Dukani. Nilisema kortini."

"Kununua nini?"

"Mafuta ya taa."

"Yako?"

"La, ya Bi Mwanarehema. Alikuwa kafiwa na mumewe, yuko eda. Mimi ndiye niliyekuwa namwendea dukani."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza yalikuwa ya nani. Nilipomaliza ushahidi nikatolewa nje. Kwani kuna nini?"

Lewa alifungua jalada la kesi. Mwanarehema aliapa kortini kwamba yeye mwenyewe alikwenda kununua mafuta ya taa, akauona uso wa Hashim kwenye mwanga wa duka. Kumbe aliyekwenda ni Kache. Hasira za Lewa zikamgeukia Mwanarehema.

Mwanarehema alimkaribisha kwa kahawa na kaimati.

"Eda yangu ilikuwa imekwisha, wallahi!"

"Usiape bado. Kache anasema wewe ndiye uliyemtuma."

"Kache kachanganyikiwa, maskini."

"Na Nadira je, mchumba wa Hashim? Yeye bado anamngoja Hashim. Kila siku ya kuona wafungwa yuko langoni na chakula."

Mwanarehema akatua kikombe. "Bado? Si aliposwa na mtu wa Changamwe?"

"Alimkataa."

Wivu ulimpanda waziwazi, mishipa ikamsimama shingoni. Lewa alikuwa ameona mengi, lakini hajapata kumwona mtu akimwonea mwenzake wivu kwa kwenda gerezani.

"Mimi ndiye niliyemngoja kwanza!" Mwanarehema alifoka. "Niko eda, ananiletea salamu kwa dadake: usimpe mtu jibu. Nikangoja! Sijitii wanja, sivai rangi, nimekaa kwenye mkeka. Mara nasikia vigelegele nyumba ya pili. Hashim kamposa Nadira! Na siwezi hata kutoka nikamuulize kwa nini. Polisi walipokuja kuuliza nani kaonekana njiani, jina lake lilikuwa mdomoni tayari."

"Ulimwona nani?"

"Sikumwona mtu. Nilikuwa chumbani."

"Ulisikia nini?"

Machozi yakamtoka. "Kelele za Kache. Nilimtuma mwenyewe, afande, na dirisha sikufungua."

Lewa alimsomea haki zake, akamkamata kwa kutoa ushahidi wa uongo mahakamani.

Jioni alirudi kwa Kache, akamweleza yote. Alitaka msichana asikie kwake kabla ya kusikia kwa majirani.

"Kwa hivyo Hashim atatoka," Kache alisema.

"Naamini majaji watamwachilia."

"Nimemlaani mtu wa watu miaka mitatu." Kache alijifunika leso vizuri mabegani. "Mama alitaka turudi kwetu Kaloleni. Nilimkatalia. Nilimwambia hapa niko salama, yule yuko ndani."

Lewa aligeukia mlango uliokuwa wazi.

Nje wanaume walikuwa wakirejea kutoka kazini, wakipita mlangoni mmoja mmoja. Wawili watatu walimpungia Kache mkono, kama walivyozoea. Kache hakuwapungia. Aliwatazama mpaka wakapita.

"Afande," aliuliza polepole, "basi ni yupi?"