Neno Asilolijua Mtu

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda Milanzi kuchukua laptopu yangu kwa fundi Lugano. Mtoto nilimbeba mgongoni, nimemvalisha sweta mbili, maana upepo wa jioni hapa Sumbawanga hauna huruma.

Ilikuwa laptopu kuukuu, aliyoniuzia yeye kwa bei ndogo. Lugano, kijana wa Mbeya, alikuwa ameiwekea Linux. Aliniambia mfumo huo ni wa bure, ni mwepesi, na kwa kuandika nyimbo za kwaya na kuchora michoro ya sweta ninazofuma utanitosha kabisa. Nilimwamini. Mimi niliishia darasa la saba, na wanaojua mambo huwa naona haya kuwauliza mara mbili.

Akamchungulia mtoto. "Huyu anaitwa nani?"

"Mgeni."

"Mgeni mpaka lini, dada?" Akacheka.

Mpaka Jumapili. Kwa akina mume wangu mtoto haitwi jina lake kabla hajabatizwa. Jina analichagua mama, analiweka moyoni, halitamki kwa yeyote, hata kwa baba wa mtoto, mpaka atakapoulizwa na padri. Mama mkwe wangu, Klementina, alinionya siku niliyojifungua. Anayetangulia kuliita kabla ya maji, huyo ndiye mwenye mtoto.

Lugano akafungua dirisha jeusi kwenye kioo. "Sasa weka neno la siri. Neno asilolijua mtu yeyote."

Nikafikiri. Nilikuwa nalo moja tu.

Nikaandika herufi sita, taratibu, nisikosee. Hakikuonekana kitu. Hata nukta.

"Mbona haiandiki?"

"Inaandika, dada. Haionyeshi tu. Rudia."

Nikarudia. Nilijiambia kwamba kisichoonekana hakijatamkwa.

Mgongoni, mtoto akaacha kupumua... kisha akaendelea.

Siku za mwanzo niliifurahia laptopu ile. Ndani yake kuna jedwali lenye vyumba vidogo vidogo. Nilivijaza rangi, chumba kimoja kwa kila kitanzi cha uzi, nikapata jogoo, nikapata msalaba. Nikaanza mchoro wa sweta ya ubatizo. Alhamisi niliuacha kwenye mstari wa ishirini. Ijumaa nikaukuta umekamilika, vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Ila mahali pa shingo palikuwa pamezibwa. Hapakuwa na pa kupitisha kichwa.

Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikafuta, nikazima. Chumba kilinuka sufu iliyolowa.

Jumamosi jioni mume wangu, Yonas, alikuwa Laela kununua mahindi. Mama mkwe alikuwa uani anaanua ulezi. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Mtoto amelala chumbani.

Ta... ta... ta...

Nikasema moyoni, panya. Nikaenda na mwiko mkononi.

Laptopu niliyoizima ilikuwa inawaka. Dirisha jeusi lilikuwa limefunguliwa, na vitufe vilikuwa vinashuka vyenyewe. Kimoja. Kingine. Nikahesabu.

Sita.

Kwenye kioo hakikuonekana kitu.

Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, ya upole, kama ya mtu aliyezoea kubembeleza, ikaita jina la mwanangu. Hata hapa siliandiki.

Mwanangu alikuwa na miezi minne. Hakujua neno lolote.

"Abee," akaitika.

Sikumbuki nilivyomnyakua. Nakumbuka nimesimama uani, nalia bila sauti, na mama mkwe ananitazama na ungo wake mikononi.

"Nani amelijua jina?" alinong'ona.

"Sijamwambia mtu, mama."

"Sikukuuliza umemwambia nani."

Jumapili tulimbatiza kwa jina lingine. Mama mkwe alilichagua njiani, akasema litakuwa Luciana. Padri alimmwagia maji ya baridi ya Ufipa, watoto wengine wote wakalia. Yeye hakulia.

Jumatatu nilirudi kwa Lugano, nikamwomba anibadilishie neno la siri. Akasema niandike kwanza la zamani. Nikaandika. Ikakataa. Nikarudia herufi kwa herufi, na mimi sikosei herufi. Ikakataa.

Akapekua kwa njia zake.

"Limeshabadilishwa, dada. Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni."

"Saa hiyo nilikuwa nasonga ugali."

"Basi ni mtu anayelijua lile la kwanza. Bila hilo haikubali."

Nilimuuliza laptopu ile aliitoa wapi. Akakuna kichwa. Ilitoka katika nyumba moja huko Malangali, ndugu walipokuwa wanagawa vitu vya marehemu, mwanamke aliyekuwa akifuma. Hakuuliza alikufa kwa nini. Wenyewe, alisema, walikuwa na haraka.

Nilimwachia laptopu yake palepale.

Luciana ananyonya, ananenepa, kadi yake ya kliniki haina tatizo. Yonas anasema nimechoka tu. Lakini tukimwita, anatutazama kwa adabu, kama mtu anayesikia mtoto wa jirani akiitwa.

Nikiwa naye peke yangu, lile jina la kwanza linanijia mpaka kwenye meno. Sijathubutu. Akiitika, sitajua ni nani aliyeitika. Asipoitika, nitajua kwamba aliyeitwa jioni ile alikwenda.

Na huyu bado itabidi nimnyonyeshe.