Uso wa Muuza Poda wa Murongo

Gulio la Murongo, mwaka wa hamsini na nne, lilikuwa limejaa watu wa ng'ambo ya mpaka, mbuzi, mikungu ya ndizi na vumbi. Katikati ya vurugu hiyo Tumwine alibwaga kopo la poda mbele ya Kokushubira.

"Umemharibu dada yangu," alisema. "Ana doa jeusi shavuni, nikamnunulia poda hii kwako. Sasa amekuwa majivu."

Kokushubira alimtazama: kanzu nyeupe, koti la kaki, fimbo ya kuchungia, sura nzuri iliyonuna. Yeye alivaa gauni la maua ya manjano lililomkaa kiunoni, mwanamke wa Muleba aliyejua kuvaa.

"Kosa ni lako, kaka, uliyenunua poda kama unanunua chumvi. Weusi haufunikwi na weupe. Penye weusi unagusa kwanza rangi ya mdomo, hii nyekundu inayokaribia chungwa, kidogo tu, unaisugua kwa kidole. Juu yake ndipo unatia poda ya rangi ya ngozi yake. Chunusi nyekundu nazo zinataka ukijani kwanza."

"Na penye weupe?"

Kokushubira aliinama kupanga makopo yake. "Kahawia iliyochanganywa na mafuta. Lakini usiulize yote leo, utakosa sababu ya kurudi."

Alirudi. Kila gulio alirudi, mara na maziwa, mara mikono mitupu, na soko zima likajua, maana mapenzi ni kikohozi. Alimwita "Koku wangu," naye akaitwa "mchungaji wangu asiye na adabu." Alipomposa, Kokushubira alikubali kabla hajamaliza kusema.

Alimficha jambo moja. Shavuni kwake, chini ya ile kahawia, palikuwa na doa jeupe. Alimwagikiwa uji wa moto akiwa mtoto. Kila siku alijiambia atamweleza kesho. Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini nani ana haraka ya kujiaibisha mbele ya anayempenda?

Tumwine akampeleka kwa mama yake, Kobusingye, kwenye malisho ya Kyerwa. Kwa wafugaji wale mchumba hakaribishwi kwa maneno. Mama mkwe humpaka siagi usoni kwa mikono yake mwenyewe. Tumwine hakuwa amemwambia. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kama kunawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogea."

Siagi ikayeyusha kahawia yote, ikabaki viganjani mwa Kobusingye. Mama aliliona doa, akarudi nyuma, akajifuta mikono kwenye nyasi.

"Ukoma," alisema taratibu.

"Hapana, waitu mama. Ni uji, niliungua nikiwa mdogo," alijibu Kokushubira, kwa lile "waitu" la heshima la kwao.

"Aliyeungua anaficha nini? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kokushubira akamgeukia Tumwine. Alitaka neno moja tu. Tumwine akatazama ng'ombe. Sijui ng'ombe wale walikuwa na nini cha kutazamwa siku ile.

Aliondoka peke yake kwa miguu, siagi usoni, akilia bila kujificha. Tangu hapo hakujipaka tena, na wateja wakampungukia. Moyoni alikuwa akimngoja mtu mmoja aje amwone hivyo hivyo.

Mtu huyo alikuja baada ya mavuno ya kahawa.

"Koku wangu, nisamehe. Nimekwenda Muleba. Shangazi yako amenihakikishia ni uji kweli. Mama naye ameelewa. Twende tukafunge ndoa."

"Umekwenda mpaka Muleba?"

"Kwa lori, njia nzima nikiwaza wewe."

"Siku ile nilikuwa nimesimama ubavuni pako, Tumwine. Nilikwambia mimi."

Aliinamisha kichwa. Kokushubira alikuwa bado anampenda, akamshika mkono, na mambo yalikaribia kwisha vizuri.

"Ila uwe unapaka ile rangi," akaongeza Tumwine. "Majirani hawatakwenda Muleba kuuliza."

"Hata tukiwa wawili ndani?"

Tumwine alilitazama lile doa. "Mpaka nizoee."

Mkono ukaachiwa.

"Maisha yangu yote nimenawa uso nikiwa nimejifungia," Kokushubira alisema. "Nilitaka mume ili ninawe mbele ya mtu. Watu wa kujipakia rangi ninao gulio zima."

"Unanikataa kwa ajili ya rangi?"

"Ninakukataa nikiwa ninakupenda. Nenda, sitaweza kusema hivi mara mbili."

Akaenda. Mwanamke mmoja alisogea kuuliza poda, akaliona shavu lile, akapitiliza kwa muuzaji wa pili. Hakukuwa na wa kumngoja tena. Kokushubira alifuta machozi, akafungua kopo la kahawia, akajipaka vizuri, kisha akaita wateja.