Gitaa Langu Umelifuta

"Respicius, gitaa langu liko wapi?"

"Lipo, Gau. Nyimbo zote tisa."

"Umenifuta! Nasikia lako tu!"

Gaudiosa alikuwa katikati ya duka la midoli, mtaa wa Yide Lu huko China, akimtafsiria Bi Fathiya, mfanyabiashara wa Kariakoo. Miaka miwili yeye na mchumba wake Respicius wamepiga bluegrass, ule muziki wa milimani Marekani, kwa magitaa makavu mawili tu. Leo Respicius amemtumia albamu yao iliyokamilika. Na leo hiihii, Bukoba, washenga wake wanapeleka barua ya posa kwa mama yake Gaudiosa.

"Au umemweka yule Anita wa studio? Si ulisema anapiga vizuri?"

"Anita anaingiaje hapa? Sikuelewi!"

Hata yeye hakujielewa. Mtu anakuposa na kukufuta siku moja? Akakata simu, akamwandikia mama yake: "Barua msipokee. Simtaki tena."

"Mwanangu, walia nini?" Bi Fathiya akashtuka.

"Amenitoa kwenye albamu yetu."

"Hebu nisikie." Akachomeka earphone zote mbili chini ya ushungi. "Mbona wapo wawili? Mmoja sikio hili, mwingine hili."

Gaudiosa akakumbuka. Akiwa kazini huvaa ya kushoto tu, sikio la kulia ni la kumsikiliza laoban, mwenye duka. Na wao wenyewe walikubaliana: Respicius asikike kushoto, yeye kulia. Hasira hasara!

Akampigia mama yake mbiombio.

"Mama, washenga wamefika?"

"Wamefika, nimewarudisha. Hata chai hawakunywa. Nyie watoto mna nini?"

Simu ya Respicius ikaingia. Sauti ilikuwa nzito.

"Baba mdogo anasema umenikataa."

"Nilisikiliza kwa sikio moja, Res. Nisamehe. Waambie warudi."

"Wamekasirika. Wako njiani kwenda stendi. Mimi hawanisikilizi."

"Niunganishe nao."

"Wewe? Tangu lini binti akaongea na washenga?"

"Niunganishe!"

Asipoeleweka leo, basi tena.

"Shikamooni, baba zangu. Ni Gaudiosa. Nimekosa mimi, Respicius hana kosa. Naomba mrudi. Nampenda."

Mzee mmoja akakohoa.

"Marahaba. Kwa hiyo binti, sasa wewe ndiye unayeposa?"

Bi Fathiya alikuwa amemkodolea macho, laoban naye.

"Ndiyo, baba. Naposa mimi."

"Haya, tunageuza. Mwambie mama yako abandike chai tena."