Jina Lililotolewa Kwenye Bunduki

Maji yalikuwa kizingitini mwa jikoni, kama ya kujaa kiganja, na Hobart Lykins aliyakanyaga kwa soksi akaruka. Yalikuwa ya baridi ya kupenya mifupa. Nje jua la Agosti liliwaka juu ya vilima vya Tennessee hata mbwa walikuwa wamejificha chini ya gari, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki ya tatu. Akayafuta, akalilaumu friji, akarudi karakana kwenye bunduki yake mpya.

Mpya ni kusema tu, maana Hobart hakuwahi kununua bunduki mpya maishani. Yeye alikuwa mtu wa bunduki za jeshi zilizostaafu, zile ambazo serikali za mbali huziuza kwa makontena zikiwa bado zimejaa grisi, na wenzake wa klabu ya shabaha walimtania kwamba pua yake hunusa bei ya chini tangu kaunti ya tatu. Sisi tunasema rahisi ghali. Hobart hakuwa na msemo huo. Hii aliiokota Jumamosi kwenye maonyesho ya bunduki, chini ya meza, ambako wenye haraka hawainami: ya jeshi la Uswisi, mtutu safi ndani kama kioo, na bei ya kutupa kwa sababu tu mbao za kitako zilikuwa zimepondeka. Askari wa kule walizoea kugongea hapo viatu vyao kukung'uta theluji.

Asubuhi ile, kabla ya hayo maji, alikuwa amefanya kama wafanyavyo wakusanyaji wote wa bunduki hizo. Alifungua skrubu mbili za bamba la kitako, akakuta kikaratasi chenye jina la askari aliyekuwa nayo: Alois Imhof, kikosi cha mlimani, kijiji cha Gurtmatt. Akakitoa, akakibandika kwenye albamu yake, akaenda kumwonyesha mkewe kwa furaha.

Kesho yake saa kumi alasiri ikasikika sauti mlangoni, du, du, kama mtu anayegonga viatu kabla ya kuingia. Oleta, mkewe, alikuwa akimenya viazi. Aliinuka upesi kuliko alivyoinuka kwa miaka mingi.

"Wendell," alisema.

Wendell alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikwenda vitani Vietnam, helikopta yao ikapotelea msituni, na kwa miaka thelathini na mitatu hawakuletewa hata kifungo cha shati cha kuzika. Hobart alitoka akatazama. Hapakuwa na mtu, ila maji kizingitini na harufu ya sufu iliyolowa.

Tangu siku hiyo ilikuwa kila alasiri. Oleta alitenga bakuli la maharage na mkate wa mahindi, akavuta kiti, akakaa kando yake akinong'ona, na alikuwa na furaha, jambo lililomuumiza Hobart zaidi, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa anaisha. Kucha zilimgeuka bluu, daktari akapima asione kitu, na alasiri moja Hobart akasimama mlangoni mwa jikoni mle mlimokuwa mkichemka kwa joto la Agosti, akaona pumzi ya mkewe ikitoka kama moshi, na mto wa kiti kitupu umebonyea, na mkono wa Oleta juu ya meza vidole vimetanuka kana kwamba vimeshikana na vya mtu mwingine, na barafu nyeupe ikipanda polepole kutoka kwenye kiganja, ikavuka kifundo, ikaelekea kwenye kiwiko.

Alikimbilia kwa Harlan Tipton, mzee aliyerekebisha bunduki kuukuu tangu ujana. Harlan alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Kile kikaratasi umekipeleka wapi?"

Hobart akamwambia. Mzee akashusha sauti.

"Kwa baridi hiyo, huyo mwenye jina alifunikwa na theluji huko milimani kwao. Bunduki iliokotwa, yeye hakuokotwa. Njia ya kurudi kwao ilikuwa kwenye hicho kikaratasi tu, nawe umeing'oa. Kirudishe kabla hajamaliza joto la mkeo. Dada yangu alikwenda hivyohivyo, madaktari wakaandika moyo."

Kesho yake, kiti kilipobonyea, Hobart alikuwa amekwisha kukirudisha kikaratasi na kukaza skrubu. Akafungua mlango wazi, akiwa ameikumbatia bunduki, akaita jina na kijiji. "Alois, kwenu ni Gurtmatt. Hapa si kwenu. Nenda, mwanangu."

Kiti kikasogea. Baridi ikampita begani, ikasita kizingitini, na akasikia kilio cha kijana kikishuka ngazi na kufifia kwenye jua. Joto likarudi jikoni.

Hobart alipiga magoti, akaisugua mikono ya mkewe hadi damu ikarudi, huku akilia. Akamwambia yule hakuwa Wendell.

"Unadhani simjui mtoto niliyemzaa?" Oleta alisema taratibu. "Nilijua siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini, Oleta? Ungekufa."

"Alikuwa mtoto wa mtu, na alisikia baridi. Nikasema nikimpokea huyu, basi na huko alikoangukia Wendell atakuwapo mama wa kumpokea." Akautoa mkono wake mikononi mwa mumewe. "Sasa umemfukuza, Hobart. Na huko nao watamfukuza wangu."